Maswali Aliyoyameza Lameki

Jumatatu, tarehe 8 Machi 1954. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba ya Nshamba tangu alfajiri, na manyunyu yalidondoka polepole, yale ambayo mtu huyadharau mpaka anapokuta shati limemgandama mgongoni. Lameki alitoa baiskeli yake ndani, akaifuta kwa kiganja, akaanza kuisukuma kuelekea zahanati. Nyuma yake kwa mbali alifuata mama mkwe wake, Kagemulo, akichechemea kwa fimbo.

Baiskeli ilikuwa na keria imara. Lameki alikuwa seremala, na kwa keria hiyo alikuwa amebeba mbao za milango mingi. Lakini Kagemulo asingeweza kuipanda, na Lameki asingeweza kumwambia apande. Mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hawashikani mikono, hawakalii mkeka mmoja, na mambo ya mwili hawayataji kabisa. Kagemulo alipopita uani, Lameki aligeukia ukuta. Lameki alipoingia, Kagemulo alivuta kitambaa usoni. Wote wawili walikuwa Walutheri, walishiriki meza ya Bwana katika kanisa moja Jumapili iliyopita, lakini desturi hii ilikuwa ya zamani kuliko ubatizo wao, na hakuna mchungaji aliyewahi kuikemea.

Njiani walikutana na wanawake waliotoka kuteka maji.

"Baiskeli inaumwa nini leo hata inasukumwa?" mmoja akauliza.

"Inampeleka mama hospitali," akajibu mwenzake, "ila mama ndiye anayetembea."

Wakacheka, si kwa ubaya. Kagemulo naye alicheka ndani ya kitambaa chake. Lameki hakucheka. Alitazama mbele na kupunguza mwendo, kwa sababu hilo tu ndilo aliloweza kumfanyia.

Kagemulo alikuwa ametoka kwake Izimbya kuja kumwuguza binti yake, Kokuberwa, aliyejifungua mtoto wa kwanza. Alipika, alifua, alishuka bondeni kuteka maji na kupanda nayo. Bonde lile lilimaliza magoti yake. Mwishoni hakuweza kupiga magoti kusali, akawa anasali ameketi, na jambo hilo lilimsikitisha kuliko maumivu yenyewe. "Namsemesha Bwana kama mgeni aliyekaribishwa kiti," alimwambia binti yake. Kokuberwa ndiye aliyemwambia mumewe ampeleke kwa dresa, mganga wa zahanati. Yeye mwenyewe bado alikuwa katika siku zake za uzazi, hakuruhusiwa kuvuka kizingiti.

* * *

Dresa wa zahanati aliitwa Uledi, mtu wa Pangani aliyehamishiwa huku kabla ya Krismasi. Kihaya alijua salamu tu, na hata hizo alizitoa kwa lafudhi iliyowachekesha watoto. Siku zote mfagiaji wake, Klaudia, ndiye aliyemkalimania.

"Klaudia amekwenda msibani kwao," alisema Uledi Lameki alipofika mbele ya meza iliyowekwa barazani. "Wewe bwana, Kiswahili unakijua?"

"Nilisoma mpaka darasa la nne."

"Basi leo wewe ndiwe ulimi wetu. Mgonjwa ni bibi huyu? Nimemwona anavyokuja. Magoti."

"Magoti, bwana. Ni mama mkwe wangu."

Uledi akaitikia kwa kichwa, bila kujua uzito wa alichoambiwa. Benchi lilikuwa limejaa watu, na wote walikaa kimya kusikiliza, maana mvua iliwazuia kwenda popote na maradhi ya mwenzako ni maongezi. Kagemulo alikaa chini sakafuni karibu na nguzo. Lameki alisimama akiwa amempa mgongo.

"Sikiliza vizuri," alisema Uledi. "Dawa ninayotaka kumpa inaitwa aspirini. Ni nzuri kwa magoti, lakini ina ukali wake. Huifanya damu iwe nyepesi, isigande upesi. Mwenye kidonda tumboni akiinywa, kidonda huvuja kwa ndani bila yeye kukiona, mpaka anaisha. Kwa hiyo simpi mtu kabla sijamwuliza. Mwambie hayo."

Lameki akainua uso kidogo kuelekea kwenye mvua. "Waitu Mama," alisema kwa Kihaya, akianza kwa neno la heshima, "anasema ipo dawa ya magoti."

"Mungu amsaidie," akajibu Kagemulo.

Uledi alikunja uso. "Mimi nimesema maneno gunia zima, wewe umetoa kibaba."

"Kihaya ni kifupi, bwana."

Benchi likacheka. Uledi naye akatabasamu. "Haya. Muulize, akikatwa na kisu, damu hukatika upesi?"

Hilo Lameki aliliuliza kama lilivyo. Kagemulo alisema hukatika.

"Tumbo humchoma akiwa na njaa?"

Hapa Lameki alisita. Tumbo la Kagemulo ndilo lililomzaa mke wake. Angelitajaje, tena mbele ya vijana waliokaa wakisikiliza? Akasema, "Waitu Mama, anauliza kama unakula."

"Mwambie nakula, namshukuru Mungu."

"Anasema halimchomi."

"Vema. Sasa hili ni kubwa. Amewahi kutapika damu? Na choo chake, kimewahi kuwa cheusi, cheusi kama masizi ya chungu?"

Barazani palikuwa na watu waliojua Kiswahili. Kijana mmoja alifunika mdomo kwa mkono. Mzee aliyekaa karibu naye akageuka pembeni kwa heshima, na heshima ile ilimchoma Lameki kuliko kicheko cha kijana. Alihisi masikio yakiwaka moto. Aliyatafuta maneno katika Kihaya na akayapata, kila moja, kwa kuwa ni maneno ambayo kila mtoto huyajua. Akayameza.

"Waitu Mama, anauliza kama ulilala vizuri."

"Mwambie nimelala salama."

"Anasema hapana, bwana."

"Yote mawili hapana? Kutapika na choo?"

"Yote."

Uledi aliinama akamtazama Kagemulo mwenyewe. "Kweli, bibi?" aliuliza kwa Kiswahili, kwa upole. Kagemulo, aliyesikia upole tu na si zaidi, akainamisha kichwa kama anavyomwinamia mtu yeyote anayemheshimu. Uledi akaridhika. Akahesabu vidonge vyeupe, akavifunga katika karatasi.

"Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, baada ya chakula. Na akiona choo cheusi, au kichwa kikizunguka, aache siku ileile na aje hapa mbio. Hilo ndilo kubwa kuliko vidonge vyenyewe. Mwambie."

Lameki alimwambia habari ya asubuhi, mchana na jioni. Alimwambia habari ya chakula. Kisha akanyamaza, akachukua karatasi, akaiweka chini sakafuni ili Kagemulo aiokote mwenyewe, mikono yao isikutane.

* * *

"Alimuuliza nini?" Kokuberwa alitaka kujua alipopelekewa habari kitandani. Mtoto alikuwa akinyonya.

"Alimuuliza magoti."

"Basi?"

"Na mengine. Kama ana kidonda tumboni. Dawa hiyo haifai kwa mwenye kidonda."

Kokuberwa alimhamishia mtoto titi la pili. "Ikajibiwaje?"

"Ikajibiwa hapana," alisema Lameki, akatoka kwenda kwenye mbao zake.

Kokuberwa alimtazama mtoto. Alijua jambo ambalo mumewe hakulijua. Mwaka uliopita, wakati wa kuanika kahawa, mama yake alianguka uani kwake Izimbya, na kwa siku kadhaa alipata choo cheusi. Alimtumia Kokuberwa habari, akamwambia hilo ni jambo la mama na binti, lisifike kwa mwanamume yeyote. Kokuberwa alikuwa amelitunza. Sasa aliwaza: kama dresa ameuliza, na Mama mwenyewe amejibu hapana, basi Mama anajua amepona. Mimi ni nani hata nimsemee mama yangu kinyume cha alivyojisemea? Akamshukuru Mungu kwa kupona huko, akalala.

Na dawa ilifanya kazi. Kabla juma halijafika katikati, Kagemulo alishuka bondeni bila fimbo. Jioni ile walimsikia akipiga magoti upande wa pili wa ukuta wa matete, polepole, goti moja kisha jingine, na akakaa hapo muda mrefu akiwataja watu wake kwa majina mbele za Mungu. Alimtaja mtoto. Alimtaja Kokuberwa. Alimtaja Lameki. Alimtaja na yule mtu wa pwani, na kwa kuwa hakujua jina lake, alisema, "yule mwenye sauti nzuri."

Lameki aliyasikia hayo akiwa amekaa na randa mkononi, na moyo wake ukapoa. Aliona kwamba mambo yamekwenda salama.

Kagemulo alizidi kuvipenda vidonge. Aliamka mapema na kuvinywa kabla ya chakula, ili magoti yawe tayari kwa bonde. Tumbo lilipoanza kumchoma alisema ni ndizi ambazo hazijaiva vizuri. Choo kilipobadilika aliona, akaficha. Alisema moyoni ni akamwani, zile kahawa kavu alizokuwa akitafuna na wageni waliokuja kumwona mtoto. Angemwambia nani? Binti alikuwa kitandani, asitiwe hofu. Na mkwe hakuwa mtu wa kuambiwa. Mtu wa kumweleza kwamba weusi huo ndio ishara ya kuacha dawa hakuwapo.

* * *

Jumamosi, jua likiwa limepanda, Lameki alikuwa uani akichonga mguu wa meza aliposikia kitu kikianguka chumbani kwa Kagemulo. Kisha akasikia mtu akitapika. Alisimama mlangoni. Pazia la gunia lilikuwa limeshushwa.

"Waitu Mama?"

Hakujibiwa.

Aliita tena. Alimwita jirani yake Byarugaba kwa sauti, lakini Byarugaba alikuwa mbali, kwenye kibanja chake, shamba la migomba la huko chini. Lameki alishika pazia, akaliachia.

"Ingia," alisema Kokuberwa. Alikuwa ameinuka kitandani, amevuka kizingiti cha chumba chake kabla siku zake za uzazi hazijaisha, mtoto begani. "Unasimama nini? Ingia, Lameki."

"Hajavaa, labda."

"Ingia, ni mama yangu."

Akaingia. Kagemulo alikuwa chini, nguo zimemwacha, na juu ya nyasi za sakafuni kulikuwa na matapishi meusi yaliyochangamana na mabonge, kama maganda ya kahawa yaliyokanyagwa kwenye tope. Alikuwa na fahamu. Aliona ni nani aliyeingia na akajaribu kuvuta nguo.

"Usinitazame," alisema.

"Sikutazami, Mama," alisema Lameki, akafumba macho, akamwinua hivyo, akipapasa. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Alikuwa mwepesi, na baridi kama mtu aliyetoka mtoni.

Byarugaba alikuja na wanaume wengine, wakamweka kwenye machela, wakambeba mpaka barabarani. Huko walisubiri. Lori la kahawa lililokuwa likienda Bukoba lilisimama, na dereva aliuliza kama ni ugonjwa wa kuambukiza.

"Ni damu," alisema Lameki.

"Atanichafulia magunia."

Lameki akavua koti lake la kanisani alilokuwa amelivaa kwa safari, akalitandika juu ya magunia. Dereva akatazama kando, akasema, "Haya, pandeni."

* * *

Katika hospitali kubwa mjini, muuguzi aliyewapokea alikuwa Mhaya, mwanamke wa makamo aliyeitwa Alistidia. Alivuta pazia, Lameki akabaki upande wa pili, na kutoka pale alisikia kila neno.

"Mama, umewahi kupata choo cheusi?" aliuliza Alistidia kwa Kihaya, kwa namna ileile ambayo angeuliza kama mvua imenyesha kwao.

"Nimepata, mwanangu. Mwaka jana wakati wa kuanika kahawa, nikaanguka. Na juzi tena, na jana."

"Tumbo hukuchoma?"

"Likiwa tupu hunichoma kama kaa la moto. Miaka sasa."

"Umekunywa dawa gani?"

"Vidonge vyeupe vya magoti."

"Na aliyekupa hakukuuliza haya?"

"Hakuniuliza, mwanangu. Aliniuliza kama nakula, na kama nimelala vizuri. Ni mtu mwema."

Lameki aliketi chini, ukutani, pale pale. Muuguzi alipotoka alimkuta ameweka paji la uso juu ya magoti.

"Huyu anahitaji damu," alisema. "Ndugu zake wako wapi?"

"Izimbya. Wametumiwa habari."

"Hatuwezi kuwasubiri. Wewe ni nani wake?"

"Mkwe."

Alistidia, aliyezaliwa katika nchi hii, alielewa. Hata hivyo alisema, "Kunja mkono wa shati."

Walipima damu yake, ikafaa. Daktari Mzungu alikuja, akatazama, akasema maneno machache ambayo hayakutafsiriwa, na Lameki hakuomba yatafsiriwe, aliyaona usoni mwake. Damu yake iliingia katika mkono wa mwanamke ambaye hajawahi kumpa mkono. Kwa muda ilionekana kama itatosha. Uso wa Kagemulo ulipata rangi kidogo. Akaomba maji, akaambiwa bado.

Siku ya pili asubuhi alimwita. Lameki alisimama karibu na kitanda, amempa mgongo.

"Wameniambia damu hii ni yako," alisema Kagemulo.

"Ni yangu, Mama."

"Basi hakuna kilichobaki cha kufichana. Geuka."

Lameki aligeuka. Miaka mitatu alikuwa mkwe wake, na hakuwa ameujua uso huu. Ulikuwa uso wa Kokuberwa, umechoka. Alitaka kumwambia. Maneno yalifika tena mpaka kooni, kama barazani, na kabla hayajatoka Kagemulo alifumba macho apumzike. Hakuyafumbua tena. Alifariki kabla ya kengele ya mchana.

* * *

Walimzika Izimbya, katika kibanja chake mwenyewe. Baada ya mazishi watu waliketi ndani na nje ya nyumba, juu ya nyasi mpya. Kokuberwa aliketi na mtoto mapajani katikati ya wanawake. Kaka wa marehemu, Rutashobya, ndiye aliyeongoza mazungumzo ya ukoo.

Hapo Uledi akaingia. Alikuwa amesikia habari, akapanda basi tangu asubuhi kuja kutoa pole. Alivua kofia yake, akasimama mlangoni, asijue pa kukaa.

"Ndiye huyo," mtu akasema. "Ndiye mwenye vidonge."

Manung'uniko yakapanda. Mwanamke mmoja alilia kwa sauti, akisema serikali imeleta sumu ndani ya karatasi. Rutashobya aliinua mkono. Alikuwa amefanya kazi mjini ujanani na alijua Kiswahili.

"Wewe bwana, dada yangu alikuja kwako anatembea. Ulimpa nini?"

"Nilimpa aspirini, mzee wangu. Niliuliza maswali yote, nikajibiwa hapana." Uledi hakumtazama Lameki. Labda bado hakujua. Labda alijua na akamwachia. "Kama nilikosea, Mungu ananiona."

"Sisi tunaona kaburi," alisema Rutashobya. Akaligeukia kundi, akasema kwa Kihaya: "Tangu leo mtu wa ukoo huu asipeleke mwanamke kule. Tuna majani yetu. Tukifa tufe kwa majani yetu."

Watu waliitikia. Kokuberwa aliinua kichwa. Lameki alimwona akimtazama mtoto, kisha akimtazama yeye.

Lameki akasimama. Alisema kwa Kiswahili, haraka: "Mzee, huyu bwana hakukosa. Aliuliza kama Mama ana kidonda tumboni, kama ametapika damu, kama amepata choo cheusi. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Sikumwuliza Mama. Niliona aibu, nikajibu hapana kwa mdomo wangu. Na alisema akiona choo cheusi aache dawa. Hilo nalo sikumwambia."

Uledi akaketi chini, pale mlangoni.

Rutashobya aliwatazama watu waliojaa nyumbani. "Umesema kwa Kiswahili," alisema. "Hawa hawakusikia. Sema kwa Kihaya."

Lameki alifungua mdomo. Walikuwapo mashangazi wa Kokuberwa, walikuwapo wakwe, walikuwapo watoto. Akaanza, akakwama, akaanza tena. Akayasema maneno yote kwa lugha ya mama yake, neno kwa neno, tumbo, na matapishi, na choo, na jina la Kagemulo pamoja nayo. Wanawake walivuta vitambaa usoni. Mzee mmoja alitoka nje. Hakuna aliyecheka.

"Na mimi nilijua," alisema Kokuberwa kutoka alipoketi, kwa sauti ndogo. "Mwaka jana aliniambia. Nilidhani ameulizwa mwenyewe akajibu. Nikanyamaza."

Basi kilio kikaanza upya, na kilikuwa kilio kingine. Rutashobya alingoja mpaka kilipotulia. Hakusema kwamba amesamehe, na hakuna aliyemwomba.

"Una mke," alimwambia Lameki. "Umepata na mtoto wa kike. Kesho wataugua. Nani atawasemea kwa mganga?"

Lameki alikuwa bado amesimama. Alimtazama Rutashobya, akamtazama Uledi mlangoni, akamtazama mkewe.

"Watajisemea wenyewe," alisema kwa Kihaya. "Na ikiwa mimi ndiye ninayesimama katikati, nitauliza neno lote lililoulizwa, na nitarudisha neno lote lililojibiwa, na onyo la dawa nitalifikisha lote. Hata likiwa la choo. Hata likiwa la mkwe. Hata mkiwa mmekaa mnasikia. Naahidi mbele yenu ninyi, na mbele za Mungu anayemjua Kagemulo."